Kikohozi cha Mkwe

Phelista alimjua mkwe wake kwa kikohozi. Sura yake hakuijua. Kimaiyo akifika kwenye boma lile la Misikhu, kabla hajagusa komeo la geti, alisimama njiani akakohoa mara moja, kikohozi kikavu cha mtu asiyeumwa chochote. Hapo Phelista aliacha alichokuwa akifanya, akaingia jikoni na kuvuta pazia. Mkwe alipita kuelekea sebuleni akiangalia viatu vyake. Baadaye walisalimiana kupitia ukuta.

"Mama, mmeamkaje huku?"

"Tuko salama, mtoto wangu. Kitale mvua imenyesha?"

"Imenyesha, Mama. Mahindi imebeba."

Basi, yakaishia hapo. Kwa ukoo wao mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani uso kwa uso, hawashikani mikono wala hawali chumba kimoja, mpaka siku mkwe atakapoleta kondoo na blanketi la kumfungulia mama macho. Na kondoo huyo haletwi mbiombio. Msimamizi wa mambo hayo alikuwa Wanjala, ndugu ya marehemu mume wa Phelista, na Wanjala akipewa jambo la kusimamia hulisimamia hadi watu wakaomba kupumzika. Siku Kimaiyo alipoletwa kujitambulisha, Wanjala alimvuta kando akamfundisha adabu za ukweni mpaka chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Kimaiyo alikuwa Mkalenjin wa upande wa Moi's Bridge, na kwao pia wakwe huheshimiwa, lakini alisikiliza yote kama mtu asiyejua lolote. Tangu siku hiyo akawa anakohoa.

Alikuwa mkimbiaji. Si wale wa kuonekana kwenye televisheni wakiuma medali, ila wale wanaowavutia wenzao kasi halafu wanatoka njiani kabla ya mwisho. Nchi moja ya ng'ambo, iliyokuwa na pesa na haina miguu, ikampa uraia ili aikimbilie. Nchi yenyewe tuiache bila jina, isije ikatunyima viza sote. Miaka ikapita, goti likakataa, uraia ukabaki. Kwa hiyo Kimaiyo akawa raia wa huko, dereva wa basi kwenye baridi, mwenye mama Moi's Bridge na mke Kitale, anayerudi nyumbani akipata likizo tu.

Mke huyo ndiye Edinah, kitindamimba wa Phelista. Kaka zake wawili walikuwa Nairobi, watoto wa kupiga simu Krismasi. Edinah alifanya kazi katika zahanati moja Kitale, akapanga chumba Tuwani, na kila mwisho wa mwezi alishuka Misikhu na sukari na maneno ya mjini. Mama na binti waliketi nyuma ya nyumba wakichambua majani ya mrenda, wakiwasema watu mpaka jua likazama. Siku hizo ndizo Phelista alizoziita kuishi. Zilizobaki alikuwa anangoja tu.

Ndiyo maana alishtuka alipomwona Edinah akiingia getini katikati ya mwezi, mikono mitupu.

"Wamekataa, Mama."

"Nani?"

"Watu wa ubalozi. Wanasema ati ndoa yetu ni ya uongo."

Phelista alimvutia kiti. Karatasi zile za viza, za Edinah kumfuata mumewe ng'ambo, alizijua mwenyewe; alikuwa ameandamana na bintiye hadi Bungoma mjini kufuata nakala ya cheti cha kuzaliwa, wakasimama foleni asubuhi nzima, wakarudishwa kwa sababu ya herufi moja, wakarudi tena. Cheti cha ndoa kilikuwepo. Barua ya polisi ya kusema Edinah si mhalifu ilikuwepo. Picha za harusi zilikuwepo, bahasha nzima.

"Ni nini hawakupenda?"

Edinah akafungua barua, lakini hakuisoma. Ilikuwa imekwisha kumwingia kichwani. Wao wawili walihojiwa siku moja, kila mtu mahali pake: yeye Nairobi, Kimaiyo huko kwake. Yeye aliwekewa picha mezani, akaulizwa, mama yako yuko wapi hapa? Akajibu kwamba hayuko kwenye picha, lakini harusini alikuwepo. Kimaiyo naye akaulizwa, mama mkwe wako anafananaje? Akajibu kwamba hajawahi kumwona.

Yote mawili yalikuwa kweli tupu. Lakini kweli hizo mbili zilipokutana kwenye meza ya watu wa karatasi, zikawa uongo mmoja.

Phelista akakumbuka harusi ile, uwanjani pa kanisa, Kitale. Alikuwa nyuma ya hema, upande wa pili wa turubai, kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitenge kipya ambacho hakuna aliyekiona ila wanawake wawili waliowekwa kumpa kampani. Alisikia viapo. Alisikia vigelegele, naye akapiga vyake huko huko. Keki aliletewa ndani ya tishu. Mpiga picha alipoita wazazi wa bibi harusi, Wanjala alijitokeza peke yake, koti limefungwa vifungo vyote, kifua mbele. Na baada ya hapo hakutoka tena. Kwa jinsi alivyojaa kwenye picha zile, mgeni angedhani ndiye aliyeoa.

"Wamesema tunaweza kukata rufaa," Edinah akasema. "Lakini wanataka kuona wewe na Kimaiyo mnajuana. Picha yenu pamoja. Halafu watakupigia simu wakuulize maneno."

"Picha na Kimaiyo? Na yeye yuko huko?"

"Kwa simu, Mama. Ile ya kuonana. Mimi nakaa na wewe, yeye anatokea kwa skrini, tunapiga picha. Ni dakika tu."

"Na kondoo?"

"Kondoo italetwa Desemba akipata likizo. Rufaa inafungwa mwezi huu."

Wanjala aliitwa. Alikuja na fimbo yake, akasikiliza amesimama, akakataa amesimama vile vile.

"Macho haifunguliwi na simu," alisema. "Leo mkwe anaona mama kwa simu, kesho atataka kula na yeye sahani moja. Hao wazungu kama wanataka kujua kama mtoto yetu ameolewa, si waniulize mimi? Si niko kwa picha?"

"Ndiyo shida, Baba Mdogo. Ni wewe tu uko kwa picha."

Wanjala akalichukua hilo kuwa sifa. Edinah akamgeukia mama yake. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama akiwa mdogo, anaumwa, anangoja kuambiwa kwamba haitauma sana.

"Mila ni mila," Phelista akasema. "Siwezi."

Alilisema haraka mno. Edinah hakubishana. Alikunja barua, akainuka, akaondoka kurudi Kitale kabla chai haijatoka jikoni. Mfuko wa mrenda aliochumiwa ulibaki kwenye kiti, na mama yake aliuona pale baada ya geti kufungwa.

Sasa tuseme ukweli, kwa maana Phelista mwenyewe aliusema usiku ule akiwa peke yake. Haikuwa mila. Binti aliposema "wamekataa," kitu cha kwanza kilichompata mama kilikuwa furaha. Ilikuja kabla hajaweza kuizuia. Mtoto wangu haendi. Kila mwisho wa mwezi atakuja. Na Wanjala aliposema macho hayafunguliwi na simu, Phelista alijibanza nyuma ya maneno hayo jinsi alivyokuwa akijibanza nyuma ya pazia la jikoni. Aliona aibu, akajigeuza ukutani, aibu ikamfuata huko pia.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba njia hiyo aliijua. Zachary, mumewe, alifanya kazi ya reli Voi. Wakiwa vijana alimwandikia aende wakaishi pamoja; nyumba amepata, chumba kimoja lakini kina dirisha. Mama mkwe wa Phelista akauliza, na ng'ombe wataachiwa nani? Phelista akaikunja ile barua. Akabaki. Watu husema heshima si utumwa, lakini miaka ile yeye hakuiona tofauti. Zachary alikuja Krismasi, akaondoka, akaja Krismasi nyingine, akaondoka. Kitanda cha Phelista kilikuwa na upande mmoja uliobonyea na mwingine mpya kabisa. Kisha homa ikamshika mume huko Voi, na alipoletwa nyumbani hakuwa wa kusema neno. Lile dirisha Phelista hakuwahi kuliona. Mpaka leo, mtu akitaja Voi redioni, yeye hufikiria dirisha.

Na yule mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo jambo ambalo Phelista hakulielewa mpaka wiki hiyo. Alikuwa mwanamke aliyeogopa kuachwa peke yake na nyumba, akasema ng'ombe.

Jumapili baada ya kanisa alichuma mrenda mwingine, maana ule wa kwanza ulikuwa umenyauka, akapanda kwenda Kitale. Kisingizio kilikuwa ni mboga. Edinah alimpokea vizuri, akamwekea maji ya kuoga, akamuuliza kuku wanaendeleaje. Alikuwa na adabu zote, na adabu hizo zilimkata Phelista kuliko kelele. Walichambua mrenda bila kumsema mtu hata mmoja.

Chumba kile cha Tuwani kiligawanywa kwa pazia: huku kitanda, huku meza na jiko la gesi. Jioni ugali ulipoiva, Edinah alimpakulia mama yake kwanza. Kisha akapakua sahani nyingine, akaiweka mezani, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai upande wa pili, mahali ambapo mtu angekaa.

"Ni saa yake ya kula," akasema. "Huwa tunakula pamoja. Utakaa huko ndani kidogo?"

Phelista akachukua sahani yake akaenda nyuma ya pazia, akaketi kitandani. Simu ikalia mlio wake. Kabla ya neno lolote, akasikia kikohozi.

Kilikuwa kile kile. Kimetoka ng'ambo, kimepita baharini na mawinguni, kikafika Tuwani kumwambia mama mkwe ajifiche.

"Mama, mmeshindaje?" sauti ikauliza.

"Tumeshinda salama, mtoto wangu. Baridi huko?"

"Iko, Mama. Lakini tumezoea."

Kisha wawili wale wakala. Phelista alingoja wazungumze mambo ya rufaa, wamlaumu, angalau wamtete kwa sauti ya chini. Hawakusema. Walisimuliana mambo madogo: mgonjwa aliyekataa sindano, abiria aliyemsahau mbwa ndani ya basi. Mara moja Edinah akasema, "Ongeza mboga," kwa mazoea, kama anayesogeza bakuli. Na mtu yule wa mbali, ambaye sahani yake haikuwa na mrenda wala harufu yake, akajibu, "Asante, imetosha."

Phelista akaweka tonge chini.

Baadaye, wakidhani amelala, Kimaiyo akashusha sauti.

"Edi, usisukume Mama."

"Simsukumi."

"Afadhali wakatae tena kuliko tumvunjie yeye heshima. Tutaanza upya mwaka ujao. Nitajaza fomu upya."

"Mwaka ujao," Edinah akasema. "Na mwaka ule mwingine. Kimaiyo, mimi nimechoka kuolewa na chupa ya chai."

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Phelista alisikia kijiko kikigusa sahani, kikatulia, kikagusa tena. Mle gizani nyuma ya pazia akajiona amekaa mahali pa mama mkwe wake, na ng'ombe wote wako zizini.

Akasimama. Akajifunga leso vizuri, akapangusa mdomo. Kisha, akiwa bado nyuma ya pazia, akakohoa.

"Ni Mama!" Kimaiyo akasema, na Phelista alipotokea, kwenye simu hapakuwa na mtu. Palikuwa na dari nyeupe na taa. Mkwe alikuwa amelaza simu chali ili asionekane wala asione.

Phelista akavuta kiti akaketi karibu na binti yake. Edinah alikuwa ameganda, mkono hewani.

"Kimaiyo."

"Naam, Mama," dari ikajibu.

"Rudisha hiyo simu mahali ilikuwa."

"Mama, sijaleta kondoo."

"Utaleta. Nimekuandikia deni."

"Mzee Wanjala atasema nini?"

"Wanjala yuko kwa picha zote. Hii moja atuachie."

Kisha dari ikainuka, ukuta ukapita, na uso ukaingia polepole ukiwa umeinama, kofia mkononi. Phelista alikuwa amemchora mtu mrefu wa uso mpana, mwenye ndevu, kwa ajili ya ile sauti. Aliyetokea alikuwa mwembamba, kipara kimeanza, masikio yamesimama, na macho hayatoki mezani.

"Niangalie," Phelista akasema.

Akamwangalia. Macho yake yalikuwa yamechoka kama ya Edinah, uchovu wa aina ile ile, kama wamelimishwa shamba moja.

"Kumbe masikio ndiyo haya," Phelista akasema. "Mimi miaka yote nazungumza na haya masikio."

Edinah akacheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kile kilio kilichokuwa kimekataa kutoka. Alimshika mama yake bega kwa mkono mmoja, kwa mwingine akapiga picha. Ndiyo picha iliyopelekwa: mama mwenye leso, binti mwenye machozi, na kwenye kidirisha kidogo mwanamume aliyenyanyua kichwa kama anayeogopa kupigwa.

Watu wa ubalozi walipiga simu kama walivyosema. Mwanamke mmoja aliuliza, mwingine akatafsiri. Walimuuliza Phelista mkwe wake ni mtu wa namna gani. Akasema ni mtu anayekohoa akifika. Wakauliza maana yake, akawaeleza yote, kuanzia getini mpaka nyuma ya hema. Mwisho wakamuuliza kama anataka binti yake aende kuishi ng'ambo.

"Hapana," Phelista akasema.

Edinah, aliyekuwa amesimama mlangoni, akafumba macho. Mtafsiri akauliza tena.

"Umesema hapana, Mama?"

"Mimi nataka akae hapa na mimi. Andika hivyo, nisiseme uongo. Halafu andika ya kwamba aende kwa mume wake."

Waliandika au hawakuandika, hatujui. Viza ilitoka.

Kimaiyo alikuja Desemba na kondoo na blanketi. Wanjala alimkagua kondoo meno na mkia, akasema ni mwembamba lakini ana adabu, akaendesha shughuli nzima kana kwamba macho ya Phelista yalikuwa bado yamefungwa. Phelista akamwachia. Alipofunikwa blanketi mabegani na kuambiwa sasa mtazame mkwe wako, alitazama kama mtu wa mara ya kwanza, na Kimaiyo naye akainamisha kichwa vizuri sana. Picha zilipigwa nyingi. Wanjala yumo zote.

Januari Phelista aliwasindikiza hadi Bungoma mjini, kwenye basi la Nairobi. Alimpa Edinah mrenda uliokaushwa, simsim, na maneno machache. Basi likageuza, kiganja cha Edinah kikabaki kwenye kioo mpaka kona. Mwisho wa mwezi huo Phelista alichambua mboga nyuma ya nyumba, akasikia jambo la kuchekesha kuhusu jirani, akageuka kulisema kwa kiti kitupu.

Wanazungumza kwa simu. Kaka mmoja wa Edinah alimnunulia mama simu ya kuonana, naye akafundishwa mahali pa kubonyeza. Edinah alipata kazi ya kutunza wazee, mama za watu wengine ambao watoto wao wako mbali, na zamu zake huisha wakati zinapotaka zenyewe.

Jumapili moja jioni Phelista alipiga. Ikapokewa, na kabla hajaona lolote, akasikia kikohozi. Miguu yake ikainuka yenyewe kwenda jikoni. Alikuwa amefika pazia alipokumbuka. Akarudi akaketi.

Ni Kimaiyo, peke yake, na sare za basi bado mwilini.

"Mama, mmeshindaje?"

"Tumeshinda salama. Edinah?"

"Bado hajatoka kazini. Karibu afike. Nimwambie apige?"

Phelista akamwangalia. Nyuma yake palikuwa na meza, sahani mbili, na dirisha lenye pazia jipya. Palikuwa na dirisha.

"Usikate," akasema. "Tumngoje."

Kimaiyo akaegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaketi. Phelista naye akasogeza ungo wake wa mrenda miguuni. Mmoja alichambua majani, mwingine alikata kitunguu, na kila kitu kilipolia upande ule, gari au mlango wa jirani, wote wawili waliinua vichwa.

"Ni yeye?"

"Bado, Mama."

Wakaendelea kumngoja.